Matanga ya Mlima Kihozo

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yenu, kwa hiyo msihangaike kuitafuta, wala msikonyezane. Ni nchi njema. Ina amani tele, na amani yenyewe ina magari yake, sare zake na virungu vyake. Mimi ni balozi wa nyumba kumi katika kijiji kimoja cha nchi hiyo, na kabla sijafika mbali niseme wazi kwamba serikali yangu naipenda. Yote nitakayoyasema nayasema kwa nia ya kuisifu. Nikiteleza mahali nikasema kweli, mnisamehe, ulimi hauna mfupa.

Kijiji chetu kinaitwa Kihozo, kwa jina la mlima. Mlima wenyewe ulikuwa magharibi yetu, mweusi, mpana, umekaa kitako kama bibi anayechambua mchele. Mashariki kuna mto, na kati ya mlima na mto ndiko kuliko mashamba. Sasa, watu wa Kihozo hatujawahi kulima kwa saa ya mkononi. Jua likishapinda, kivuli cha mlima huanza kushuka taratibu, kikapita nyumba, kikaingia mashambani, kikatambaa mpaka mtoni. Kikigusa maji tunasema, "Kihozo amekunywa." Hapo jembe linawekwa chini. Anayelima baada ya Kihozo kunywa analima ardhi iliyolala, na ardhi ukiikatisha usingizi, mavuno yake mtagawana na nzige.

Serikali ilipoanzisha Shamba la Taifa la Pamba katika ardhi yetu (tuliitoa kwa hiari, na askari walikuwepo kuishuhudia hiari hiyo), wazee waliomba jambo moja tu liingie katika mkataba: kibarua wa Kihozo atapalilia mpaka Kihozo anywe. Wakubwa walicheka mpaka wakafuta machozi, wakatia sahihi. Kivuli hakidai mshahara wala hakina chama cha wafanyakazi. Miaka ikapita. Kihozo anakunywa, kipande cha reli kinagongwa, watu wanarudi makwao na mwanga bado upo.

*Radi za kiangazi*

Kisha mwaka mmoja radi zikaanza kunguruma nyuma ya mlima, na mbingu hazina hata wingu la dawa. Bwana Fungameza, Meneja wa Shamba la Taifa, mtu mwenye tumbo la heshima na mwavuli wa kulifunika, alitutangazia kwamba mvua zinakuja, tuandae mbegu. Tukaandaa. Zilikuwa radi za adabu. Zilipiga asubuhi na mchana, zikapumzika saa ya chakula, na sikukuu za taifa hazikupiga kabisa.

Aliyezifuata kwanza ni Mzee Mntambo, mfugaji wa mbuzi, ambaye mifugo yake ilishtuka ikakimbilia nyuma ya mlima. Alirudi bila mbuzi, akaketi barazani kwangu, akaomba maji.

"Balozi," akasema, "nyuma hakuna."

"Hakuna nini, mzee?"

"Hakuna nyuma. Kihozo amebaki uso tu. Kule nyuma wamemla."

Walaji walikuwa mitambo ya manjano. Waliulipua mlima kwa baruti, wakausaga kuwa kokoto, wakaupakia kwenye malori kwenda kujenga uwanja wa ndege wa kimataifa katika kijiji alichozaliwa Mtukufu Rais, kijiji ambacho hata basi halijapata kufika. Nikamwambia Mzee Mntambo apunguze sauti. Mlima ni mali ya umma, na sisi si umma, sisi ni wakazi tu.

*Maziwa hayajui siasa*

Aliyetuvuruga hasa ni Nakijwa, mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwa kibarua wa palizi, na wakati huo alikuwa na mtoto mchanga, Senkoro, asiyeota hata jino moja. Watoto hawaruhusiwi katika Shamba la Taifa kwa sababu ya dawa ya wadudu, kwa hiyo Senkoro alishinda na bibi yake, mama wa baba yake. Alinyonya alfajiri, mchana akadanganywa kwa uji mwepesi, na akanyonya tena Kihozo akishakunywa. Mwili wa mama ulikuwa umeizoea ratiba hiyo. Kivuli kikikaribia mto, maziwa nayo yanajaa.

Siku moja tukiwa kwenye matuta nikamwona amesimama, jembe begani, kanga imelowa kifuani.

"Mjomba," akaniita, "Kihozo anachelewa."

"Mlima unachelewaje, mwanangu? Umepanda basi?"

"Saa ya Senkoro imefika. Sasa tazama kivuli kiko wapi. Ndiyo kwanza kiko kwenye mabanda ya mbuzi."

Nikatazama. Kweli kilikuwa mabandani, kinasuasua. Nikamwambia labda mwili wake ndio umekosea, maana mwili wa mtu ni wa mtu mmoja, lakini mlima uko chini ya Wizara. Aliinama akaendelea kupalilia, na maziwa yakaendelea kumwagika.

Wiki baada ya wiki kivuli kikazidi kuchelewa. Senkoro akawa analia mpaka sauti inakauka, bibi yake anamnyonyesha kidole. Na pamba? Pamba ilipendeza ajabu. Kwa kuongeza muda wa kazi bila kuongeza mshahara, Bwana Fungameza alitunukiwa Nishani ya Jasho, Daraja la Pili. Jasho lenyewe lilikuwa letu, lakini nishani ina pini moja tu, haiwezi kuvaliwa na kijiji kizima.

*Tume*

Malalamiko yakafika juu. Serikali yetu ni sikivu, kwa hiyo haikuchelewa kuunda Tume ya Taifa ya Kuchunguza Namna Wakazi wa Vijijini Wanavyoyaona Mabadiliko ya Mandhari Yanayowazunguka. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Sijaona Lukumbo, aliyesomea milima katika nchi tambarare ng'ambo ya bahari.

Tume ilikuja alasiri na viti vyake, meza zake na maji yake ya chupa. Walipoketi kuelekea mlimani jua likawapiga usoni, kwa kuwa pale pa kulizuia hapakuwa tena na kitu cha maana. Wakageuza viti. Uchunguzi wote wa mlima ulifanyika kwa kuupa mlima kisogo, na nawahakikishia ulifanyika kwa umakini mkubwa.

Mzee Mntambo akaitwa wa kwanza.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Tueleze, unauonaje mlima?"

"Umepungua."

"Umepungua, au unauona umepungua?"

"Nauona umepungua kwa sababu umepungua."

Profesa akatabasamu kwa huruma. "Mzee, hapo umetoa majibu mawili. La kwanza ni la utafiti, tunalipokea. La pili ni siasa, tunakurudishia."

Akaitwa Nakijwa. Alisimama mbele ya meza, akawaeleza habari ya kivuli na ya mtoto. Wajumbe wakatazamana. Mmoja akauliza kama maziwa hayo yamesajiliwa kuwa chombo cha kupimia.

"Sijui kusajiliwa, baba," Nakijwa akasema. "Ninachojua, mtoto analia. Mje mumsikie."

"Hatuwezi kusikia," Profesa akamwambia kwa upole. "Hadidu za rejea zinasema kuona."

*Hongereni, mmeinuka*

Ripoti ilisomwa kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya bendera na soda. Profesa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ndugu wananchi! Tume imejiridhisha, pasi na shaka, kwamba mlima uko palepale na kimo chake ni kilekile. Kilichobadilika ni mtazamaji. Mtakumbuka kwamba serikali yenu iliahidi kuwainua. Mlidhani ni maneno? Imewainua! Na mtu aliyeinuliwa, akiutazama mlima, lazima auone mfupi. Ndugu zangu, mlima haujashuka. Ninyi ndio mmepanda. Hongereni sana!"

Tulipiga makofi. Mimi mwenyewe nilijikuta nimesimama kwa vidole vya miguu. Jirani yangu alimwambia mkewe kwamba hata yeye alikuwa amehisi suruali inambana.

Nakijwa akanyoosha mkono. "Profesa, samahani. Na mtoto wangu, ambaye hata kukaa hajui, naye ameinuka?"

"Unambeba mgongoni?"

"Ndiyo."

"Basi ameinuka kuliko wewe."

Yakaletwa maagizo. Kila nyumba ipandishe mlango uendane na kimo kipya cha mwananchi, na wasioweza kupandisha milango wainame wanapoingia. Bwana Afya alipita nyumba kwa nyumba kuhakikisha tunainama. Mzee Mntambo, ambaye umri ulikuwa umeshamkunja, aliandikiwa onyo kwa kupinga maendeleo kwa kutumia mgongo.

*Jumanne*

Wakati sisi tunainama milangoni, mitambo ilikuwa inamaliza kazi. Jumanne moja jua lilishuka, likafika chini, likazama lote jekundu machoni petu. Kivuli hakikufika mtoni. Hakikuja kabisa. Pale Kihozo alipokuwa ameketi palikuwa na shimo na bango la mkandarasi.

Mgonga reli akashika nyundo. Bwana Fungameza akamzuia, akatoa mkataba mfukoni, akausoma kwa sauti ya mtu anayesoma Maandiko: kibarua atapalilia mpaka Kihozo anywe. "Amekunywa?" akauliza. Tukasema hapana. "Basi tuheshimu mkataba. Mliutaka wenyewe."

Asubuhi tulikuwa bado shambani, na mkataba bado unasema hapana. Wanasheria wa Shamba wakaitwa, wakasoma, wakakohoa, wakatoa ufafanuzi: kwa kuwa siku ya kazi ya Jumanne haijaisha, leo bado ni Jumanne. Ikawa hivyo. Nchi nzima ikaenda Jumatano, Alhamisi na kuendelea, Kihozo tukabaki Jumanne. Kalenda ya ofisini ilifungwa kwa kamba isijifunue. Ijumaa Sheikh alipotaka watu wake waende kuswali aliambiwa arudi ikifika, na Jumapili Padri akaambiwa vivyo hivyo. Wakatoka ofisini kwa Meneja wameshikana mikono, jambo ambalo lilikuwa limewashinda wamisionari na maulamaa miaka mingi.

Tulikula matutani na kulala matutani. Bwana Fungameza, kwa huruma zake, aliruhusu chakula kiletwe uzioni. Watoto, hapana. Bibi yake Senkoro alikuwa akija kusimama nje ya uzio na mtoto mgongoni, ili mama amwone. Senkoro akimwona mama ananyoosha mikono na kulia. Nakijwa alikuwa akigeuka, anachuchumaa kati ya miche ya pamba, anakamua maziwa kwenye udongo ili kifua kisimwume. Kila Jumanne hiyohiyo yalikuwa machache zaidi.

Niliumia. Nasema waziwazi kwamba niliumia, ingawa balozi hatakiwi kuumia kabla ya kupokea maelekezo.

*Msiba haukatazwi*

Katiba yetu haina kurasa nyingi za haki, lakini kuna kifungu kimoja kinachoheshimiwa na wote: msiba haukatazwi. Wakubwa wenyewe ndio waliokiweka, kwa sababu msibani ndipo mahali pekee wanapopata watu waliokaa kimya wakawasikiliza bila kuwazomea. Na kwetu Kihozo maiti ikiwa haijazikwa, hakuna mkono unaoshika jembe.

Asubuhi moja ya Jumanne, mtoto akilia uzioni, Nakijwa alikamua, hakikutoka kitu. Akakamua tena. Kisha akasimama, akaangalia mahali pale palipokuwa na mlima. Jembe likamtoka mkononi. Akaweka mikono kichwani na kutoa ukunga ambao uliniondoa kofia.

"Uwiii! Kihozo amekufa! Kihozo wetu amekufa, jamani, na hakuna aliyetuambia!"

Wanawake wa tuta la pili wakapokea. Wa tuta la tatu wakajifunga kanga viunoni. Majembe yakaanguka shamba zima, moja baada ya jingine, na kilio kikapanda mpaka ofisini. Bwana Fungameza akatoka mbio.

"Nani amekufa?"

"Kihozo!" tukamjibu.

"Mlima haufi!"

"Basi tuonyeshe ulipo," akasema Mzee Mntambo kutoka nje ya uzio.

Meneja akageuka kutazama magharibi. Hakuwa na mlima wa kutuonyesha. Tukampita tukatoka getini kama wafiwa, kwa utaratibu, na askari wa lango wakavua kofia. Nakijwa alifika kwake, akaketi kwenye mkeka, akampakata Senkoro, akamweka kifuani. Mtoto alivuta mpaka akakasirika, akaacha, akavuta tena. Siku ya pili yalitoka matone. Siku ya tatu akalala ameshiba, na mama yake akalia kilio kingine, cha chinichini, ambacho hakikuwa cha mlima.

*Rambirambi*

Bwana Fungameza alipeleka habari makao makuu kwa maneno machache: Kihozo amefariki, wakazi wote wako msibani, kazi imesimama. Habari ikatua mezani kwa Mheshimiwa Waziri wa Mandhari. Mheshimiwa ni mtu wa misiba. Hakuuliza marehemu ni nani, maana kuuliza hivyo ni kukosa utu. Alifika kesho yake na msafara, suti nyeusi na leso mbili.

"Ndugu wafiwa," akasema, sauti ikitetemeka, "Kihozo hakuwa mtu wa kawaida. Mimi nilimfahamu. Nilisoma naye! Alikuwa mcheshi, mchapakazi, mwanachama mtiifu asiyetikisika. Mara ya mwisho nilipozungumza naye aliniambia, 'Mheshimiwa, wasalimie wananchi.' Leo, kwa niaba ya serikali, natangaza rasmi kwamba Kihozo ametutoka."

Nikatazama pembeni. Profesa Lukumbo, aliyekuwa kwenye msafara, alikuwa amefunika uso kwa viganja. Watu walidhani analia.

Hapo serikali ikawa imejifunga. Waziri hakosei. Akitamka jambo ambalo si kweli, ni wajibu wa ukweli kuhama. Kwa hiyo ikawa rasmi kwamba mlima ulikuwepo, ulikuwa na kimo, na umekufa. Kuhusu aliyeuua, Tume nyingine iliundwa, na iko kwenye semina mpaka sasa.

Lakini magugu hayana matanga. Yaliifunika pamba, na Bwana Fungameza akaanza kupungua tumbo. Njia ya kumaliza msiba ni moja tu, kuzika. Likaja jeneza zuri la mninga limejaa kokoto, limefunikwa bendera. Nakijwa, ambaye kwa kuwa ndiye aliyetangulia kulia alikuwa mfiwa mkuu, alilifunua akachungulia.

"Hajatimia," akasema. "Kwetu hatuziki ukucha tukamwacha mtu. Mleteni wote."

Wakubwa walikaa vikao. Uwanja wa ndege haukuweza kufumuliwa, ulikuwa umeshazinduliwa mara mbili. Hata hivyo malori yakaanza kuja, usiku na mchana, yakimwaga mawe pale palipokuwa na shimo. Lundo likajaza shimo, likatokeza, likapanda. Na jioni moja tukiwa mkekani tukaona kivuli kimetambaa hadi kwenye mabanda ya mbuzi. Wiki iliyofuata kikaingia mashambani. Ahadi ikaletwa kwa maandishi: siku lundo litakapotimia, msiba uishe, na kivuli cha kaburi kihesabiwe kuwa kivuli cha marehemu. Kikinywa, watu waende makwao. Kwa Nakijwa maana yake ilikuwa Senkoro kila jioni, mpaka atakapoacha ziwa kwa mapenzi yake mwenyewe.

Kulikuwa na jambo dogo tu. Kihozo alikuwa mlima mweusi. Mawe yaliyokuwa yanakuja yalikuwa mekundu.

"Umeyaona?" Mzee Mntambo alimnong'oneza Nakijwa mbele yangu.

"Nimeyaona, babu."

"Useme?"

Akamtazama mtoto kifuani. "Nisiseme."

Na sisi hatukusema. Tume nzima ilikuwa imetoka mbali kuja kuchunguza namna tunavyoona, na sasa tulifumba macho wenyewe, bila kuagizwa na mtu.

*Huyu ni wetu*

Siku ya maziko lilikuja turubai, bendi ya shaba na kipaza sauti. Kwetu maiti haiteremki kaburini mpaka mfiwa mkuu aseme mbele ya watu, "Huyu ni wetu." Ni desturi ya zamani, ya tangu mafuriko yalipoleta maiti kutoka vijiji vya juu mtoni na watu wakazika ndugu za wenzao bila kujua. Mheshimiwa Waziri alikuwa amekwisha kuelezwa marehemu ni nani, na hotuba yake ilikuwa tayari mkononi. Kivuli cha lundo kilikuwa kimebakiza hatua chache kufika mtoni. Bwana Fungameza alikitazama kwa upendo.

Nakijwa akainuka, akamwachia Senkoro bibi yake arudi naye nyumbani asipigwe na vumbi, akaenda kwenye kipaza sauti.

Ndipo tukasikia kilio kinakuja barabarani. Si cha kwetu. Walikuwa wanawake wageni, wamejifunga kanga viunoni, vumbi mpaka kwenye kope. Watu wakawapisha, maana msibani mgeni hazuiwi. Walifika hadi mbele ya lundo, wakalitazama, kisha mmoja wao, bado kijana, akapiga magoti na kuokota jiwe jekundu. Akalipangusa kwa ncha ya kanga, polepole, kama uso wa mtoto aliyechafuka.

"Dada," Nakijwa akamwuliza, na kipaza sauti kikachukua, "mmetoka wapi?"

"Lusanje. Ng'ambo ya tambarare."

"Mmemfuata nani?"

"Mlima wetu. Walikuja na malori, wakatuambia Lusanje hana kazi, na huku kuna msiba wa taifa. Tukauliza, je, wetu atazikwa na nani? Basi tumekuja kumlilia." Akaliinua jiwe. "Mama, ndiye huyu?"

Nakijwa alisogea karibu. Alikuwa anaitazama kanga ya yule mwanamke. Ilikuwa imelowa kifuani, miviringo miwili, na vumbi limegandia pale palipolowa.

"Mtoto wako yuko wapi?" akamwuliza.

"Nimemwacha. Shamba letu nalo lina uzio."

Mshereheshaji akakohoa. "Mama mfiwa, muda. Ni maneno matatu tu. Tusaidie."

Bwana Fungameza akanyoosha mkono kuelekea mtoni. Kivuli kilikuwa kinakaribia majani ya ukingoni. Nilimwona Nakijwa akikitazama, na namjua yule mtoto tangu hajatembea, alikitazama kama mtu mwenye kiu. Moyo wangu ukasema, sema, mwanangu, sema tu, tupumzike. Nao ulikuwa moyo wa kijiji kizima.

"Huyu si wetu," Nakijwa akasema. "Wetu mmeshamtandika huko mnakoteremshia ndege. Huyu ni wao. Hatumziki, tunamrudisha kwao."

Mheshimiwa Waziri alitazama karatasi yake. Hotuba ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya jibu lile jingine, na serikali haiwezi kuandika hotuba mbili kwa ajili ya wakazi. Kwa hiyo aliisoma ilivyo. Aliwashukuru wana Kihozo kwa kumpokea marehemu wao akiwa kamili. Akatupongeza kwa uelewa wetu. Alipofika kwenye mafanikio ya awamu hii, Nakijwa alikuwa ameshaokota jiwe jekundu, amekunja kitenge cha ngata, amelitua kichwani. Yule mama wa Lusanje akachukua jingine. Mzee Mntambo akachagua dogo, akaliweka kwapani. Wapiga bendi nao, baada ya kutazamana, wakajaza mawe kwenye ngoma kubwa wakainyanyua wawili wawili. Viti vikabaki na Profesa peke yake, akipiga makofi pale palipoandikwa makofi.

Bwana Fungameza akanijia mbio, mwavuli umepinduka.

"Balozi! Wazuie watu wako! Wanaondoka na kivuli chao wenyewe, hawana akili? Kesho ni Jumanne!"

"Msiba haukatazwi, Bwana Meneja," nikamwambia, nikainama kutafuta jiwe ninaloliweza.

Njia ya Lusanje inapita mbele ya nyumba ya Nakijwa. Alipofika hapo alilitua jiwe mlangoni, akaingia ndani kwa mtoto. Akamwita na yule mwenzake aingie, maana kifua chake nacho kilikuwa kimejaa, na bibi alikuwa amepakata pia mtoto mchanga wa jirani aliyekuwa akilia njaa. Sisi wengine tulisimama barabarani na mawe yetu kichwani, bendi na ngoma yao, wanawake wa Lusanje na wa Kihozo, tukawasubiri mpaka watoto waliposhiba.